Kufunga mtandao, kufungua simu: njia mbili za kumnyamazisha Mkongomani

Tangu mwaka wa 2011, serikali za Kongo zimekata SMS, intaneti ama mitandao ya kijamii mara nyingi, zikisema zinalinda usalama. Lakini Mashariki ya inchi watu wanajua pia njia ya pili ya kunyamazishwa, isiyoonekana sana: mtandao unaachwa wazi, na simu ya mtu ndiyo inapekuliwa. Katiba inakataza yote mawili, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Swali ni nani anashika mizani.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2019, wakaaji wengi wa Goma walijikuta katika hali ya ajabu. Ili kufuata habari za uchaguzi wa inchi yao wenyewe, iliwapasa kutumia mtandao wa inchi jirani. Walitafuta kadi SIM za Rwanda na kusogea karibu na mpaka, upande wa Birere, mahali ambapo mtandao wa Gisenyi unafika. Huko Kinshasa wengine walifanya vilevile, wakitafuta mtandao wa Brazzaville toka ng'ambo ya mto.

Uchaguzi ulikuwa umefanyika siku ya yenga tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa, na SMS pia. Barnabé Kikaya Bin Karubi, mshauri wa raisi Joseph Kabila wakati ule, alieleza kwamba matokeo ya uongo yalikuwa yanasambazwa kwenye mitandao ya kijamii na yangeweza kuleta vurugu. Siku hizo hizo sauti ya RFI ilitolewa hewani, na mwandishi habari wake mjini Kinshasa akanyanganywa kibali cha kazi.

Tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza matokeo ya muda usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari. Mtandao ulirudi karibu tarehe 19 na 20, wakati Korti ya Katiba ilipokuwa inathibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi. Maana yake, katika siku zote ambamo raia alihitaji kulinganisha karatasi ya matokeo iliyobandikwa kwenye kituo chake na yale yaliyotangazwa Kinshasa, hakuwa na njia ya kutuma hata foto moja. Baraza la maaskofu, CENCO, lilikuwa na waangalizi karibu 40,000 katika inchi nzima. Wao pia walikuwa wanategemea simu.

Huko Beni na Butembo hali ilikuwa ngumu zaidi. CENI ilikuwa imeahirisha uchaguzi wao hadi mwezi wa tatu 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Wakaaji wa miji hiyo hawakupiga kura, kisha wakakosa na mtandao, wakati ugonjwa ulikuwa unaua na kila familia ilikuwa inahitaji habari za kweli.

Je, uongo uliisha? Hapana. Uongo hauhitaji mega. Unatembea kwa mdomo, sokoni na kwenye motari. Habari iliyokaguliwa ndiyo ilikosa barabara.

Desturi ya miaka mingi

Kilichotokea mwaka wa 2019 hakikuwa kipya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011, serikali ilikata SMS kwa zaidi ya majuma mawili, ikisema kuna ujumbe unaochochea fujo. Watu wa kwanza kulalamika walikuwa viziwi. Kwao ujumbe wa maandishi ndio simu yenyewe. Siku ambazo mji unaweza kushika moto, wao walikuwa hawana namna ya kuonywa wala ya kuomba msaada.

Mwezi wa kwanza 2015, vijana waliingia barabarani Kinshasa, Goma, Bukavu na kwingineko kupinga mradi wa sheria ya uchaguzi ambao ulitaka watu wahesabiwe kwanza kabla ya kupiga kura. Tarehe 20, intaneti na SMS vilikatwa. Benki na makampuni yalirudishiwa mtandao mapema. Raia wa kawaida walingoja mpaka mwezi wa pili ili kupata tena mitandao ya kijamii. Mwezi wa kumi na mbili 2016, muhula wa pili wa raisi Kabila ulipokuwa unaisha, amri ilikuwa kufunga Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ya namna hiyo kuanzia dakika ya mwisho ya tarehe 18. Mwezi wa nane 2017, kampuni za simu ziliombwa kupunguza uwezo wa kupitisha picha: mtu aliweza kuandika maneno, lakini foto na video hazikupita. Na mwishoni mwa mwaka huo, mtandao ulikatwa tena siku moja kabla ya maandamano ya waumini wakatoliki ya tarehe 31 Desemba.

Mbinu ni ile ile. Mamlaka inaandika barua, nayo kampuni ya simu inatii, sababu leseni yake inatoka kwa serikali. Raia anajua tu asubuhi, anapoona simu haifunguki.

Wakati ule serikali ilikuwa na karatasi ya kuonyesha. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kipengele chake cha 46, iliruhusu serikali kukataza matumizi ya mawasiliano, yote ama sehemu, kwa muda inaoutaka yenyewe, kwa ajili ya usalama wa raia, ulinzi wa inchi, ama sababu nyingine yoyote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua mlango wote. Sheria hiyo ilibadilishwa na ile ya tarehe 25 Novemba 2020. Kisha, tarehe 13 Machi 2023, raisi Tshisekedi alitia sahihi Kanuni ya dijitali, inayogusa biashara ya mtandao, ulinzi wa data za watu na makosa yanayofanywa kwa njia ya simu na kompyuta.

Uongo nao unaua

Itakuwa makosa kusema kwamba serikali inaogopa kivuli. Mashariki ya inchi, kila mtu anajua ni namna gani sauti moja ya WhatsApp inaweza kufunga maduka, kuvunja soko ama kuwatoa watu barabarani na mapanga.

Mwezi wa kumi na mbili 2021, kule Lweba, katika tarafa ya Fizi, Kivu ya Kusini, afisa wa FARDC wa kabila la Banyamulenge aliuawa na umati. Aliyemfahamu na asiyemfahamu waliona mwisho wake kwenye simu, sababu video zilizunguka toka grupu moja hadi lingine. Maneno ya chuki yalikuwa yamezunguka kabla, na yakaendelea baada ya kifo chake. Wakati wa Ebola, uvumi kwamba ugonjwa ni biashara ya wanasiasa ulichangia kuwafanya watu wakimbie matibabu na kuwashambulia wauguzi.

Kuna pia madhara ambayo hayapigi kelele. Mwanamke aliyebakwa anapigwa foto akiwa hospitalini, na sura yake inazunguka pamoja na jina la kijiji chake. Mtoto anayeshukiwa kuiba kuku anavuliwa nguo mbele ya simu kumi. Familia inapata habari ya kifo cha baba kwa kuona maiti yake kwenye grupu la kanisa, kabla ya mtu yeyote kuja nyumbani kuketi nao. Hapa anayevunja haki si serikali. Ni jirani, ni mwenzetu, mara nyingine ni mwandishi habari mwenye haraka.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliona pande zote mbili. Kipengele cha 23 kinampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha, akiheshimu sheria, utulivu wa umma na tabia njema. Kipengele cha 24 kinampa haki ya kupata habari. Kipengele cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya binafsi, na ya kulindiwa siri ya barua na ya mawasiliano yake, na kwamba haki hiyo inaguswa tu pale ambapo sheria imesema.

Watu wengi huona haki hizi kama ng'ombe wawili wanaovutana kamba moja: ukimpa mmoja nafasi ya kusema, unamwondolea mwingine siri yake. Mara nyingine ni kweli, kama katika mfano wa yule mwanamke. Lakini mbele ya mwenye nguvu, haki hizo mbili zinatembea pamoja. Mtu asiye na hakika kwamba ujumbe wake utabaki kuwa siri hawezi kusema kwa uhuru, hata mtandao ukiwa na kasi namna gani.

Simu ya mwandishi habari

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Stanis Bujakera Tshiamala, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd na mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Shida ilitoka kwenye makala ya Jeune Afrique, isiyokuwa na sahihi yake, iliyogusa upelelezi wa jeshi kuhusu kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani na mwanasiasa wa upinzani aliyekutwa amekufa mwezi wa saba mwaka huo. Makala ilitegemea hati ambayo serikali ilisema ni ya uongo.

Simu zake na kompyuta yake vilichukuliwa. Mwendesha mashtaka alidai kwamba kwa kupima simu hizo imeonekana kuwa yeye ndiye wa kwanza kuituma hati hiyo. Shirika la kutetea wandishi habari la Reporters sans frontières na watetezi wengine walipinga ushahidi huo, wakieleza kwamba programu za Telegram na WhatsApp hazimruhusu mtu wa nje kujua kwa hakika nani aliyetuma kitu mara ya kwanza. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 20. Tarehe 18 Machi 2024, tribinali ilimhukumu kifungo cha miezi 6 na kulipa franka milioni moja. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa muda huo gerezani, alitoka kesho yake.

Miezi hiyo 6 ilifundisha jambo moja kila mtu anayeongea na wandishi habari: jina lako linaweza kuwa ndani ya simu ya mwingine. Muuguzi anayetaka kueleza kwamba dawa zimeuzwa, askari anayetaka kusema kwamba mshahara wake haukufika, mama anayetaka kutaja aliyevamia shamba lake, wote watajiuliza mara mbili. Hakuna mtandao uliokatwa katika kesi hiyo. Hata hivyo, sauti nyingi zilizimika.

Jambo hili lina sababu yake ya kiufundi. Tangu mwaka wa 2016, WhatsApp inafunga kila ujumbe kwa kanuni za siri, toka simu ya anayetuma hadi simu ya anayepokea. Anayekaa katikati ya njia, hata awe kampuni ya simu, hawezi kuusoma. Ndiyo maana anayetaka kujua yaliyoandikwa hashughuliki tena na njia. Anaishika simu yenyewe, ikiwa mkononi mwa mwenyewe, na kumwambia aifungue.

Kwenye bariere

Mashariki ya inchi, jambo hili halingoji tribinali. Mtu anayesafiri kati ya maeneo yanayoshikwa na makundi mbalimbali anajua kwamba kwenye bariere, simu inaweza kuombwa kabla ya kitambulisho. Foto ya bendera fulani, sauti ya mwanasiasa fulani, namba ya ndugu anayekaa upande mwingine wa vita, kila kimoja kinaweza kugeuka mashtaka. Basi watu wamejifunza kufuta. Wanafuta mazungumzo, wanatoka kwenye magrupu, wanaacha simu kubwa nyumbani na kubeba kasimu kadogo ka batani.

Vita vya mwaka wa 2025 vilizidisha hofu hiyo. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, waziri wa sheria Constant Mutamba alionya kwamba atakayeeneza habari za jeshi la Rwanda na za M23 anaweza kupata adhabu ya kifo. Siku chache baadaye CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilisimamisha televisheni Al Jazeera kwa siku 90 baada ya mahojiano yake na kiongozi wa M23. Goma ilianguka mwishoni mwa mwezi huo, katika siku ambazo mji ulikosa maji, umeme na intaneti. Bukavu ilifuata katikati ya mwezi wa pili. Wakati huo huo, X na TikTok vilizuiwa katika inchi.

Upande wa pili nao haukuleta uhuru. Katika miji iliyo chini ya AFC/M23, mashirika yanayotetea wandishi habari, kama vile Journaliste en danger, yameripoti vitisho, redio zilizonyamaza na wandishi habari waliokimbia. Kwa mwandishi habari wa Goma, habari ile ile ilikuwa kosa Kinshasa na kosa nyumbani.

Wengi walikimbilia VPN, programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye kompyuta iliyo inchi nyingine, hivi kwamba kizuizi cha hapa hakioni unafungua nini. Inasaidia pale ambapo programu moja imezuiwa. Haisaidii kitu pale ambapo mtandao wote umekatwa. Na si kila VPN ya bure ni rafiki: anayekupitishia mawasiliano yako anaweza pia kuyahesabu na kuyauza. Zaidi ya hayo, kwenye bariere, kukutwa na VPN kwenyewe kunaweza kuleta maswali.

Kuna jambo lingine ambalo wanaoandika barua za kukata mtandao husahau. Tangu benki zilifungwa Goma na Bukavu, wakaaji wanaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ndugu wa Kinshasa ama wa ng'ambo anatuma dola 20 kwa simu, na mama ananunua unga na makala. Katika hali hiyo, kukata mtandao ni kukata chakula.

Maswali matatu kwenye mizani

Basi mizani inashikwa namna gani? Jibu halitoki mbali. Mwaka wa 2019, Tume ya Afrika ya haki za binadamu na za watu, iliyokutana Banjul, Gambia, ilipitisha Tangazo la kanuni za uhuru wa kutoa maoni na kupata habari katika Afrika. Tangazo hilo linasema serikali zisikate wala kuvuruga mtandao kwa ajili ya watu wote ama sehemu ya watu. Linalinda pia siri ya mawasiliano na vyanzo vya wandishi habari.

Halisemi kwamba kila neno linaruhusiwa. Linaweka maswali matatu mbele ya anayetaka kuzuia. Je, kuna sheria iliyo wazi inayosema hivyo? Je, lengo ni la haki, kama vile kulinda uhai ama heshima ya mtu? Je, ni lazima, na kipimo chake kinalingana na hatari yenyewe? Kumpeleka mbele ya tribinali mtu aliyeita umati uue kunapita maswali yote matatu. Kufuta foto ya mwanamke aliyebakwa kunapita pia. Kukatia inchi nzima mtandao sababu watu fulani wanaandika uongo kunakwama kwenye swali la tatu, sawasawa na mtu anayechoma nyumba kwa ajili ya panya mmoja.

Matribinali ya Afrika yameanza kusema vilevile. Mwezi wa kwanza 2019, muda mfupi baada ya Wakongomani kurudishiwa mtandao, Korti Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeamuru intaneti ikatwe huko hakuwa na mamlaka hayo. Mwezi wa sita 2020, Korti ya ECOWAS iliona kwamba Togo ilivunja haki ya kutoa maoni ilipokata intaneti wakati wa maandamano ya mwaka wa 2017.

Kwa Kongo, Kanuni ya dijitali ni hatua, lakini ni kisu chenye makali pande mbili. Upande mmoja imeagiza kuwe mamlaka ya kulinda data za watu. Upande mwingine, kipengele chake cha 360 kinaadhibu kwa kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, ama faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000, ama vyote viwili, mtu anayeanzisha ama kueneza habari ya uongo juu ya mtu fulani. Angalia neno « kueneza ». Mwanafunzi aliyebonyeza mara moja kwenye grupu la darasa anaweza kujikuta pamoja na aliyetunga uongo wenyewe. Na anayeamua kipi ni uongo, kabla ya tribinali kusikiliza, mara nyingi ni yule aliyekasirishwa na habari.

Kuna mambo ambayo yangebadilisha hali bila kungoja sheria nyingine: simu isifunguliwe bila karatasi ya hakimu, barua yoyote ya kuzuia mtandao itangazwe hadharani, pamoja na sababu na tarehe ya mwisho, anayechochea mauaji ashitakiwe yeye, kwa jina lake, na serikali iseme ukweli mapema, sababu uvumi huota mahali pa kimya. Upande wa raia, inatosha kujiuliza kabla ya kutuma: mtu aliye kwenye foto hii angekuwa dada yangu, ningeituma?

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulipita bila inchi nzima kukatiwa mtandao. Uongo ulikuwepo, malalamiko pia, lakini safari hii raia waliweza kuonyeshana foto za yale yaliyotokea kwenye vituo vyao. Uchaguzi unaofuata unangojewa mwaka wa 2028. Wakaaji wa Goma wanatumaini kwamba siku hiyo, ili kujua aliyeshinda nyumbani, haitawapasa tena kutafuta kadi SIM ya jirani.